Asidi katika maji ya kunywa: je, inaweza kumdhuru mtoto?

Huenda umeambiwa kwamba maji ya bomba yana asidi inayodhoofisha mwili, na kwamba afadhali ununue maji ya chupa yaliyoandikwa "alkali". Au huenda maji ya kisima chenu yana ladha ya chuma na yanaacha rangi ya kutu kwenye ndoo, nawe unajiuliza kama mtoto anaweza kuyanywa.

Jibu kwa ufupi ni hili: asidi ndogo iliyomo kwenye maji yenyewe si hatari kwa mtu mwenye afya. Mambo ya kuangalia ni mawili: vitu ambavyo maji yameyeyusha njiani, na vijidudu vilivyomo.

Asidi ya maji hupimwaje?

Kipimo chake huitwa pH, na huanzia 0 hadi 14. Katikati ni 7. Chini ya 7 ni asidi, kama limau. Juu ya 7 ni alkali, kama maji ya magadi au ya sabuni. Kila hatua moja ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo maji ya pH 5 yana asidi mara kumi kuliko maji ya pH 6.

Maji ya mvua safi huwa na pH ya karibu 5.6, kwa sababu hufyonza hewa ya kaboni angani. Juisi ya limau ni kati ya 2 na 3. Mamlaka nyingi za maji hulenga kati ya 6.5 na 8.5, hasa ili mabomba yasiliwe na ili klorini ifanye kazi vizuri. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha pH ya maji ya kunywa kwa sababu za kiafya.

Mwili hufanya nini na asidi hiyo?

Tumbo lina asidi kali kuliko maji yoyote ya bomba au kisima. pH yake huwa kati ya 1.5 na 3.5. Maji yakifika humo huchanganyika na asidi hiyo, yawe yalikuwa ya alkali au la.

Damu nayo hubaki kati ya 7.35 na 7.45. Mapafu na figo ndiyo yanayolinda kiwango hicho mchana na usiku, wala maji ya chupa hayakibadilishi. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba maji ya alkali yanatibu saratani, kisukari au shinikizo la damu. Mgonjwa wako asiache dawa kwa sababu ya maji hayo.

Kinachoweza kweli kuvuruga kipimo cha damu ya mtoto ni kuhara kukali. Anapohara sana hupoteza maji, chumvi na vile vitu vinavyozuia asidi kuzidi mwilini. Kwa hiyo maji yenye vijidudu ni hatari kwake kuliko maji yenye asidi kidogo.

Asidi inapoleta madhara: mabomba

Maji yenye asidi hula chuma polepole. Yakilala ndani ya bomba, koki au viungio, huyeyusha shaba, chuma, na wakati mwingine madini ya risasi, yale yanayotumika kwenye betri za magari. Risasi inaweza kuwa kwenye mabomba ya zamani, kwenye lehemu ya kuungia mabomba, na kwenye baadhi ya koki.

Risasi haina rangi wala ladha ndani ya maji. Huathiri ubongo wa mtoto unaokua, uwezo wake wa kujifunza na tabia yake. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inaweza pia kumfikia mtoto aliye tumboni kupitia kwa mama. Kuchemsha maji hakuiondoi.

Mfano unaojulikana sana ni wa mji wa Flint, Marekani. Mwaka 2014 mji huo ulibadilisha chanzo cha maji na kuanza kutumia mto wa hapo. Maji hayo yalikuwa na nguvu zaidi ya kula mabomba, na hayakutiwa dawa ya kuyakinga. Wazazi walilalamika kuhusu rangi na harufu. Baadaye vipimo vya damu vilionyesha kwamba watoto wengi zaidi walikuwa na risasi nyingi mwilini. Mji ulirudi kwenye chanzo cha awali Oktoba 2015.

Maji mekundu ya kutu

Katika sehemu kadhaa za Afrika, zikiwemo baadhi za Uganda, maji ya chini ya ardhi yana asidi kiasi. Hula mabomba ya chuma ya visima vya pampu na kutoka mekundu, yenye ladha ya chuma. Huchafua nguo na kubadilisha rangi ya chakula, ndiyo maana akina mama wengine hukiacha kisima na kurudi mtoni au kwenye chemchemi isiyolindwa.

Hapo ndipo penye hatari. Kutu hiyo haipendezi, lakini kwa kawaida haileti ugonjwa. Maji ya mto yanaweza kuonekana meupe na bado yakawa na vijidudu vya kuhara na kipindupindu. Waambieni kamati ya maji au fundi abadilishe mabomba, na mwombe maji yapimwe, badala ya kukihama kisima.

Maji ya alkali si lazima yawe bora

Katika Bonde la Ufa, kwa mfano sehemu za Arusha na Nakuru, maji mengi ni ya alkali kwa asili, na mara nyingi maji ya aina hiyo hubeba floraidi nyingi. Floraidi ikizidi hutia meno ya watoto madoa ya kahawia yasiyotoka. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hudhuru mifupa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Meno ya utu uzima hujengeka ndani ya ufizi katika miaka minane hivi ya kwanza, kwa hiyo huo ndio wakati wa kumkinga mtoto. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Magadi ya kulainishia maharage nayo yanaweza kuiongeza. Mtoto apewe maji ya mvua yaliyotunzwa vizuri, maji ya chanzo kilichopimwa, au yaliyochujwa kwa chujio la mkaa wa mifupa.

Unachoweza kufanya nyumbani

• Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama tu, bila maji ya kunywa. Kama anatumia maziwa ya kopo, tumia maji salama yaliyochemshwa.
• Chemsha maji hadi yatokote kabisa, au tia dawa ya klorini kwa kufuata maelekezo ya kifungashio. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Baada ya kutia klorini, subiri dakika 30.
• Maji yaliyolala bombani usiku kucha usimpe mtoto. Fungua koki, yakinge kwa kuoshea nyumba, kisha kinga ya kunywa yanapotoka ya baridi.
• Ukikinga mvua, acha maji ya mwanzo yasafishe bati na yapite. Usikinge maji ya kunywa kwenye paa lenye rangi inayobanduka.
• Usiweke juisi ya limau, ukwaju au maziwa ya mgando kwenye vyombo vya shaba au vya bati la mabati.
• Usimtilie mtoto magadi wala soda ya kuokea kwenye maji ili "kupunguza asidi". Chumvi iliyomo inaweza kumdhuru, hasa mchanga.
• Madoa ya kijani au bluu kwenye sinki ni dalili ya shaba kuyeyuka. Omba maji yapimwe katika ofisi ya mamlaka ya maji au ya afya ya eneo lako.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Mpeleke mtoto mara moja akihara na macho yakawa yameingia ndani, akilegea, akipumua kwa kasi, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, au choo kikiwa na damu. Njiani endelea kumnyonyesha na kumpa ORS kidogo kidogo. Kituoni uliza pia kuhusu vidonge vya zinki.

Kama una wasiwasi kuhusu risasi, mweleze mhudumu aina ya mabomba mliyo nayo na uulize kuhusu kipimo cha damu. Na kama fedha ni kidogo, zitumie kwanza kununua kuni, mkaa au dawa ya klorini, kabla ya maji ya chupa ya alkali.