Ada

Ada imetujia kutoka Kiarabu, na ina maana mbili. Ni mazoea, na ni malipo yanayodaiwa na mazoea hayo: ada ya mwalimu wa chuoni, ada ya kungwi, ada ya mganga. Anayepokea ndiye aliyefanya kazi.

Sasa watafiti wana "ada ya uchapishaji". Jarida la Nature lilipoanza, Januari 2021, kuruhusu makala zake za utafiti zisomwe bure na kila mtu, mwandishi aliyetaka hivyo aliwekewa bei ya hadi yuro 9,500. Hapo neno linaanza kuchechemea. Utafiti kaufanya mwandishi, wanasayansi wenzake huihakiki makala bila kulipwa, kisha ada inakwenda kwa mchapishaji! Wachapishaji kadhaa, wakifuata madaraja ya kipato ya Benki ya Dunia, huzisamehe nchi maskini kabisa na kuzipunguzia tu zile zilizo juu yake kidogo. Benki hiyo ilipoipandisha Tanzania hadi kipato cha kati cha chini, mwaka 2020, wanasiasa walishangilia. Mhadhiri alikuwa na sababu ya kukuna kichwa.

Mimi ningeiita ushuru. Forodhani hakuna anayedai kwamba anayepokea ushuru ndiye aliyeushona mzigo.