Lishe ya keto: Je, kuacha wanga huondoa mafuta mwilini?

Kuanzia migomba ya Biharwe hadi mgao wa chakula wa Nakivale, wanga ndio msingi wa mlo wa kila siku. Lishe ya keto humtaka mtu auache karibu wote. Makala haya yanaeleza jinsi lishe hiyo inavyopunguza uzito, kiasi gani cha uzito huo ni mafuta, na ni nani asiyepaswa kuijaribu bila daktari.

Mambo muhimu:
- Uzito unaopungua katika wiki ya kwanza huwa ni maji kwa sehemu kubwa, si mafuta.
- Baada ya mwaka mmoja, tofauti kati ya keto na lishe nyingine za kupunguza uzito ni ndogo.
- Anayetumia dawa za kisukari hapaswi kuacha wanga ghafla kabla ya kuonana na daktari.

Wanga katika mlo wa Ankole

Barabara itokayo Mbarara kuelekea Kampala hupita Biharwe, mahali palipo na Kituo cha Utamaduni cha Igongo kinachoeleza maisha ya watu wa kusini magharibi mwa Uganda. Vyakula vya asili vya eneo hilo ni pamoja na matoke, ugali wa ulezi uitwao karo, na eshabwe, kitoweo kizito cha samli. Upande wa kusini, katika wilaya ya Isingiro, iko Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958. Humo huishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine wengi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Huko mlo hutegemea zaidi mahindi na maharagwe.

Gramu 100 za unga wa mahindi mkavu zina takriban gramu 75 za wanga. Gramu 100 za ndizi zilizopikwa zina kati ya gramu 25 na 30. Lishe ya keto huruhusu gramu 20 hadi 50 tu kwa siku nzima. Kwa hiyo sahani moja ya ugali hupita kikomo hicho, na anayefuata keto hubaki na nyama, samaki, mayai, mafuta, parachichi na mboga za majani.

Ni nini hutokea mwilini?

Kwa kawaida mwili hutumia sukari inayotokana na wanga kama nishati yake ya kwanza. Wanga ukikosekana kwa siku kadhaa, kiwango cha insulini hushuka, na ini huanza kugeuza mafuta kuwa ketoni, ambazo ubongo na misuli huweza kuzitumia badala ya sukari. Hapo ndipo lilipotoka jina la keto. Lishe hii haikubuniwa kwa ajili ya kupunguza unene. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliipendekeza kama tiba ya kifafa, na hadi leo hutumika kwa baadhi ya watoto ambao dawa hazikuwasaidia.

Katika siku za mwanzo mizani hushuka haraka, na hilo huwavutia wengi. Sababu yake ni hii: ini na misuli huhifadhi takriban nusu kilo ya sukari, na kila gramu ya sukari hiyo hushikana na gramu tatu hivi za maji. Akiba hiyo inapotumika, maji yake hutoka kwa mkojo, na mtu hupoteza hata kilo mbili bila mafuta mengi kuondoka. Akirudia ugali na chapati, maji hayo hurudi.

Utafiti unasema nini?

Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya wanaume 17 waliolazwa katika wodi maalumu, wakipimiwa kila walichokula. Kwa wiki nne walikula mlo wenye wanga mwingi, kisha kwa wiki nne wakala mlo wa keto wenye kalori zilezile. Uzito na insulini vilishuka walipoingia katika keto, lakini mafuta hayakuondoka kwa kasi zaidi. Kasi hiyo ilipungua mwanzoni, huku mwili ukivunja protini zaidi.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu wazima 609 waliofuatiliwa kwa miezi 12. Waliopunguza mafuta katika chakula walipoteza wastani wa kilo 5.3, na waliopunguza wanga walipoteza kilo 6.0. Tofauti hiyo haikuwa na uzito wa kitakwimu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulijumlisha majaribio 13 yaliyodumu angalau mwaka mmoja na kuona kwamba walioshika keto walizidi wenzao kwa kilo 0.91 tu.

Basi keto hupunguza uzito, na baada ya majuma ya kwanza mafuta nayo huondoka. Hata hivyo sababu kubwa ni kwamba mtu hula kidogo. Protini na ketoni hupunguza njaa, na kuacha unga, sukari, soda na mandazi huondoa kalori nyingi kwa mkupuo.

Funzo la wafugaji

Wapo wanaodai kwamba wafugaji wa kale waliishi kwa keto na ndiyo maana hawakunenepa. Historia ya eneo hili inaonyesha vingine. Miongoni mwa Wahima wa Ankole, wasichana waliokaribia kuolewa walinyweshwa maziwa mengi na kupunguziwa kazi ili wanenepe, kwa kuwa unene ulihesabiwa kuwa uzuri. Mpelelezi John Hanning Speke, aliyefika Karagwe, leo ikiwa sehemu ya Tanzania, mwezi wa Novemba 1861, aliandika juu ya wake wa jamaa ya mfalme walionenepeshwa kwa maziwa hadi kusimama kukawa shida.

Isitoshe, lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina takriban gramu 48 za sukari ya asili, karibu kikomo chote cha keto kwa siku. Mlo wa maziwa si keto. Na mlo usio na nafaka nao hunenepesha ukizidi mahitaji ya mwili.

Nani awe mwangalifu?

Mwenye kisukari anayechoma insulini, au anayemeza vidonge vinavyoisukuma kongosho kutoa insulini, akiacha wanga ghafla bila kupunguziwa dozi, sukari yake huweza kushuka hadi akazimia. Vipo pia vidonge vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo. Vikichanganyika na keto, damu huweza kujaa asidi, hali inayohatarisha maisha. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wenye maradhi ya figo au ini nao wasiianze kwa hiari yao.

Wengine hupata maumivu ya kichwa, uchovu, kufunga choo na harufu mbaya ya kinywa, hasa mwanzoni. Kwa baadhi yao lehemu mbaya hupanda katika damu.

Lipo pia suala la uwezo. Mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda umepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020. Kwa familia inayotegemea mahindi na maharagwe, kuacha wanga ni kuacha chakula chenyewe. Anayeishi ughaibuni na kuwashauri jamaa zake kwa simu heri alikumbuke hilo.

Ufanye nini?

Ikiwa unataka kupunguza uzito, chagua mlo utakaoweza kuushika kwa miaka, si kwa wiki tatu. Huhitaji kuacha matoke au karo. Punguza kipimo chake, jaza nusu ya sahani kwa mboga kama dodo au sukuma wiki, ongeza maharagwe au samaki, na acha soda na chai yenye sukari nyingi. Pima kiuno mara moja kwa mwezi kwa utepe, usawa wa kitovu, kwa sababu mizani peke yake haitofautishi maji na mafuta.

Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari. Ukiwa unatumia dawa yoyote, mwone mhudumu wa afya kabla ya kubadili mlo wako.