Kutawazwa, Kusimikwa, Kuapishwa: Kuingia Madarakani katika Picha za Kihistoria za Songea

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kueleza tendo la kumkalisha mtu katika madaraka. Mfalme hutawazwa. Chifu na askofu husimikwa. Rais, waziri na mkuu wa mkoa huapishwa. Mtumishi wa serikali hukabidhiwa ofisi. Naye anayeshinda kwa silaha hutamalaki, na kitenzi hiki cha mwisho hakina haja ya mtu wa pili: hakuna anayemtamalakisha mshindi. Si ajabu kwamba ndicho kitenzi kilichotumika katika jina la utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi kuitwaa Mrima. Mshairi yule alijua tofauti ya kutamalaki na kutawazwa.

Mhadhara huu unakusudia kuvisoma vitenzi hivyo sambamba na picha. Picha za viongozi wakiingia madarakani ni nyingi katika hifadhi zetu, na kwa kawaida hutazamwa upesi: gwaride, joho, kofia, mkono ulioinuliwa, watu wakishangilia. Wanahistoria wamezichukua kama mapambo ya vitabu, na wanaisimu hawajazishughulikia kabisa, ingawa chini ya kila picha kuna sentensi. Nimeichagua Songea kwa sababu picha zake zinaonyesha jambo moja kwa uwazi kuliko za miji mingi: kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja mkuu wa nchi hiyo amekuwa akipewa madaraka mahali pengine, na Songea ikabaki kupiga picha za mapokezi.

Tuanze na neno kusimika. Maana yake ya msingi ni kusimamisha kitu wima, kama nguzo, kikazama ardhini kisianguke. Kumsimika mtu, basi, ni kumfanya nguzo, na nguzo hushikwa na udongo wa pale ilipochimbiwa. Kwa Wangoni wa Songea, ambao wazee wao waliuvuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, kulikuwa na falme mbili katikati ya karne ya 19 na baada yake: Njelu chini ya ukoo wa Gama, na Mshope upande wa kaskazini. Nkosi alitoka katika ukoo wa kifalme, lakini hakutawala peke yake. Manduna walikuwa na majeshi yao, watu wao na sauti yao, na nkosi ambaye hakukubaliwa nao alikuwa na cheo kisicho na nguvu. Ushahidi wa nguvu hizo uko machoni petu: mji wenyewe haukuchukua jina la nkosi yeyote, bali la nduna, Songea Mbano.

Habari za kusimikwa kwa watawala hao tunazo katika masimulizi, na mengi yalikusanywa na Padre Elzear Ebner wa Peramiho na baadaye na wanahistoria kama Patrick Redmond. Kamera ilikuja na watu wengine. Wajerumani waliweka boma Songea mwaka 1897, na mwaka uliofuata Wabenediktini wakaanzisha misheni ya Peramiho. Tangu hapo mpigapicha alikuwa upande wa boma au wa misheni, na hilo tusilisahau tunapotazama chochote kilichotoka Ungoni katika miaka ile.

Gavana wa kikoloni aliteuliwa Berlin. Gustav Adolf von Götzen, aliyeshika cheo hicho mwaka 1901, alishuka Dar es Salaam akiwa tayari ni gavana. Kilichobaki kupigwa picha pwani ni kuwasili. Mfano wa picha za kuwasili ni ule ule kwa magavana wote: askari wamepangwa mstari, mgeni amevaa nguo nyeupe, na raia wako mbali kiasi kwamba nyuso zao hazitambulikani. Hakuna mtu anayeapisha. Kiapo kimekwisha kuliwa ng'ambo ya bahari.

Hapa naomba tusimame kidogo kwenye kauli hiyo ya kula kiapo. Kiswahili cha leo kimeifanya iwe tamko la kisheria, lakini maana ya zamani ya kiapo haikuishia kwenye maneno. Kiapo kilikuwa pia jaribio la mwili: mtuhumiwa alikula au kunywa kitu, au alishika kitu cha moto, na mwili wake ukatoa hukumu. Ndiyo maana kiapo huliwa. Maji yaliyoletwa Ungoni mwaka 1905 yaliingia katika utamaduni uliokwisha kuielewa lugha hiyo. Aliyeyanywa aliingiza ahadi ndani ya mwili wake. Wafalme na manduna walioyapokea walikula kiapo mbele ya watu wao, na kama kulikuwa na siku katika historia ya Songea ambapo madaraka yalithibitishwa hadharani kwa kinywa na kwa koo, basi ni siku hizo. Hakuna kamera iliyoalikwa.

Kamera ilikuja baadaye. Picha za Vita vya Majimaji zinazochapwa mara nyingi vitabuni ni za wafungwa wenye minyororo shingoni. Ukiziangalia kwa makini utaona kwamba mpangilio wake ni ule ule wa picha rasmi ya sherehe: watu wamewekwa safu, wanatazama mbele, askari amesimama pembeni. Tofauti iko kwenye maelezo. Picha ya gavana hutaja jina, cheo na tarehe. Picha ya wafungwa mara nyingi husema waasi tu, au mateka. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Kingoni zaidi ya sitini walinyongwa Songea, Mputa Gama wa Njelu akiwa mmoja wao. Songea Mbano alinyongwa pia. Chabruma wa Mshope alivuka mto Ruvuma akaingia Msumbiji, akauawa huko. Katika majuma machache tabaka zima lililokuwa na haki ya kumsimika mtawala liliondolewa, na mwaka huo huo Götzen akaondoka, gavana mwingine, Albrecht von Rechenberg, akateuliwa Berlin. Mwaka 1909 Götzen alichapisha kitabu chake juu ya maasi hayo. Aliyenyonga ndiye aliyeandika maelezo ya picha.

Kipindi cha Waingereza nitakipita kwa haraka, isipokuwa mambo mawili. La kwanza ni sheria ya mwaka 1926 ya Gavana Donald Cameron juu ya mamlaka za wenyeji, iliyowapa machifu kazi ya kutawala kwa niaba ya serikali. Njelu na Mshope zikarudi kwenye karatasi kama mamlaka mbili, na neno kusimikwa likarudi pia, lakini nguzo sasa ilishikwa na mkono wa Bwana Shauri. La pili ni Edward Twining, gavana wa miaka 1949 hadi 1958, ambaye picha zake akiwa na kofia ya manyoya marefu zinajulikana sana. Mtu huyu alipenda mambo ya taji kiasi cha kuandika kitabu kikubwa juu ya mataji na vito vya wafalme wa Ulaya, kilichotoka mwaka 1960. Ni yeye pia aliyepigwa picha Kalenga mwaka 1954 akikabidhi fuvu linaloaminika kuwa la Mkwawa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la nchi huru. Uhehe ulirudishiwa kichwa. Masimulizi ya Songea yanasema kwamba kichwa cha Songea Mbano nacho kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Picha ya kukabidhiwa kwake haijapigwa hadi leo.

Wakati huo huo, kando ya Ziwa Nyasa, watu ambao hawakuwa na sauti katika uteuzi wa gavana walikuwa na watawala wao katika ngoma. Mganda, unaochezwa mpaka sasa katika upande wa Nyasa wa mkoa wa Ruvuma, ni ndugu wa beni, ngoma iliyoiga gwaride na vyeo vya jeshi. Kikundi kilikuwa na kingi wake na kapteni wake. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 juu ya beni, alionyesha kwamba mambo haya hayakuwa mzaha mtupu. Mtazamaji wa picha za mganda, mwenye kuona vijana waliovaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, soksi na viatu, atakosea akidhani ni kuiga tu. Kingi wa mganda alikuwa na jambo moja ambalo Twining hakuwa nalo: wachezaji waliomzunguka ndio waliomweka.

Uhuru ulileta kamera mpya na kitenzi kipya. Tarehe 9 Desemba 1962 Julius Nyerere, aliyekuwa amechaguliwa kwa kura, aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika. Picha za siku hiyo ni za aina mbili. Katika aina moja tunaona sheria: jaji, kitabu, mkono. Katika nyingine tunaona joho, mkuki na ngao, na machifu wakimkabidhi alama hizo. Kuapishwa na kusimikwa vilifanyika siku moja kwa mtu mmoja. Kisha mwaka 1963 uchifu ulifutwa kisheria. Waliomsimika hawakuwa tena na cheo cha kusimika, na kitenzi chenyewe kikahamia kanisani. Songea ilipopata jimbo lake la Kikatoliki mwaka 1969, na jimbo kuu mwaka 1987, kusimikwa kulimaanisha askofu. Hadi leo gazeti likisema fulani amesimikwa Songea, msomaji hutarajia kofia ya kiaskofu kabla ya ngozi ya chui.

Tufike kwa mkuu wa mkoa. Wakuu wa mikoa wa kwanza waliteuliwa mwaka 1962 kushika nafasi za mabwana wakubwa wa majimbo, na Ruvuma ilizaliwa kutokana na kugawanywa kwa lililokuwa Jimbo la Kusini. Ibara ya 61 ya Katiba ya 1977 inasema kuwa mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Kwa hiyo picha yake ya kuapishwa hupigwa Ikulu. Songea hupata picha ya pili: gari linawasili, skauti wanamvika skafu, lizombe inachezwa, vitabu vya makabidhiano vinatiwa sahihi mezani. Maelezo husema mkuu wa mkoa akipokelewa na wananchi. Ni picha ya furaha ya kweli, sina sababu ya kuidharau. Walakini mtunzi wa maelezo amewapa wananchi kitenzi cha mwenyeji, si cha mwajiri.

Linganisha na Kenya. Tarehe 27 Machi 2013 magavana wa kwanza wa kaunti 47, waliochaguliwa kwa kura, waliapishwa katika kaunti zao, mbele ya waliowapigia kura. Neno gavana, ambalo kwetu Tanzania limebaki kwa mkuu wa Benki Kuu na kwa wakoloni waliokufa, likapata uhai mpya upande wa pili wa mpaka. Katika picha nyingi za siku hiyo na za Agosti 2022 jaji yuko jukwaani na umati uko hatua chache tu mbele yake. Mtu aliyeshinda huinua Biblia au Kurani akiwa amewageukia watu. Sisemi kwamba kura peke yake huzaa utawala bora. Nasema kwamba kamera inaweza kuwaweka anayeapa, anayeapisha na anayetawaliwa katika picha moja, na Songea haijawahi kupata picha hiyo katika ngazi ya mkoa.

Inaipata katika ngazi ya chini. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa, wenyeviti wa mitaa na vijiji hula kiapo mbele ya hakimu, palepale wanapoishi. Picha hizo hubaki kwenye simu na albamu za nyumbani, hazifiki hifadhi ya taifa. Mtafiti kijana anayetafuta mada ya tasnifu ameipata hapo, na afanye haraka, kwa kuwa karatasi za picha huliwa na unyevu na mchwa, na wanaowajua waliosimama nyuma kabisa wanazeeka. Ushauri wangu kwake ni wa kisarufi. Kiambishi cha kutendwa, -w-, humficha mtenda: akiapishwa, akitawazwa, akisimikwa. Unapoandika maelezo ya picha, rudisha kiunganishi na, kisha jina. Aliapishwa na nani? Alisimikwa na nani? Kisha andika majina ya waliotazama, hata kama ni matatu tu.

Makaburi ya mwaka 1906 sasa yako katika eneo la Makumbusho ya Majimaji, tawi la Makumbusho ya Taifa, na kila mwezi Februari wazee waliovaa ngozi na kushika mikuki na ngao hupigwa picha hapo. Tarehe 1 Novemba 2023 alisimama mahali hapo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, akaomba msamaha, akakutana na kizazi cha Songea Mbano, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu. Katika picha za siku hiyo mgeni kutoka Berlin amesimama mbele ya wenyeji, nao ndio wanaosubiriwa kujibu.