Kamera ndogo au DSLR: Ipi hufaa mwanga unapofifia?

JUA linapotua nyuma ya safu za Aberdare, mji wa Nyeri huingia gizani kwa haraka. Ikweta hupita karibu na mji jirani wa Nanyuki, na katika maeneo ya ikweta jua hushuka wima badala ya kwenda upande. Kwa hivyo, tangu jua lizame mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni hadi watu wawashe taa, hupita takriban dakika 20 pekee.

Hata hivyo, mambo mengi yanayostahili kuwekewa kumbukumbu hutokea katika dakika hizo na saa zinazofuata. Maharusi hukata keki ndani ya hema kule Karatina. Wazee wa koo mbili huhitimisha mazungumzo ya mahari katika sebule yenye balbu moja. Ndovu hutoka msituni kuja kunywa maji mbele ya hoteli ya The Ark, nao wakweaji hufika Point Lenana kabla ya mapambazuko. Hizo pia ndizo saa ambazo picha nyingi huharibika, na nyingi kati yake haziwezi kupigwa mara ya pili.

Ndiyo maana swali la kamera ipi inunuliwe, ile ndogo ya kutiwa mfukoni au DSLR yenye lenzi za kubadilishwa, ni zito kwa kijana anayetaka kuanza kazi ya kupiga picha katika miji ya Mlima Kenya. Akikosea, hupoteza akiba yake pamoja na imani ya wateja.

Ukubwa wa kihisi

Kamera ya dijitali haina filamu. Badala yake ina kibao kidogo kiitwacho kihisi, ambacho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kihisi cha kamera ndogo ya kawaida huwa na takriban milimita 6.2 kwa 4.6, yaani eneo lisilozidi milimita mraba 29. Kile cha DSLR za bei ya wastani, kijulikanacho kama APS-C, huwa na takriban milimita 23.5 kwa 15.6, ingawa vya Canon ni vidogo kiasi. Eneo lake hukaribia milimita mraba 366, ambalo ni kubwa takriban mara 13.

Mtu akiweka karai na kikombe uani mvua inaponyesha, karai hukusanya maji mengi zaidi ingawa mvua ni ile ile. Hali ni hiyo hiyo kwa mwanga. Mchana wa jua kali, vyote viwili hupata vya kutosha, na si rahisi kutofautisha picha ya kamera ndogo na ya DSLR. Mwanga ukiadimika, kihisi kidogo hulazimika kukuza ishara dhaifu, na picha hujaa chengachenga. Ngozi ya mtu huonekana kama imemwagiwa mchanga, na rangi ya nguo hupauka.

Uwezo huo wa kukuza ishara hupimwa kwa nambari za ISO. Kamera ndogo nyingi za kawaida huanza kutatizika zinapopita ISO 400 au 800, ilhali DSLR nyingi zilizotengenezwa baada ya 2010 hutoa picha za kuridhisha kwenye ISO 1600 na hata 3200. Wanunuzi hawapaswi kuhadaika na idadi ya megapikseli iliyoandikwa kwenye kasha. Megapikseli huonyesha jinsi picha ilivyogawanywa, wala si kiasi cha mwanga kilichopokewa.

Lenzi ndiyo mwamuzi

Wengi hukosea wanapodhani kwamba kununua DSLR pekee kutamaliza tatizo la giza. Mwanga hufikia kihisi kwa kupitia tundu la lenzi, ambalo hupimwa kwa herufi f na nambari. Nambari inapokuwa ndogo, tundu huwa pana. Lenzi yenye tundu la f/1.8 hupitisha mwanga takriban mara 10 kuliko iliyo kwenye f/5.6.

DSLR nyingi huuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55, ambayo tundu lake ni f/3.5 pale inapotazama eneo pana, na hupungua hadi f/5.6 inapovuta vitu karibu. Ikiwa ukumbi una mwanga unaomwezesha mpigapicha mwenye lenzi ya f/1.8 kutumia kasi ya sehemu moja ya 60 ya sekunde, mwenzake aliye kwenye f/5.6, kwa kiwango kile kile cha ISO, atahitaji takriban sehemu moja ya sita ya sekunde. Katika muda huo bibi harusi huwa ameshageuza shingo, na uso wake utatokea kama moshi.

Kwa upande mwingine, zipo kamera ndogo zilizoundwa mahsusi kwa mwanga hafifu. Sony ilipozindua RX100 mnamo 2012, iliipa kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8 na lenzi inayoanzia f/1.8. Hesabu huonyesha kwamba, ikitazama eneo pana, kamera hiyo ya gramu 240 hukusanya mwanga unaolingana na wa DSLR ya APS-C yenye lenzi ya kawaida ya f/3.5, na huenda ikaizidi kidogo. Ila inapovuta vitu karibu, tundu lake hupungua hadi f/4.9, na hapo DSLR yenye f/5.6 huwa mbele kwa zaidi ya mara mbili.

Mizani hubadilika kabisa DSLR inapowekewa lenzi isiyovuta, kama vile ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kwa Canon na Nikon. Hapo DSLR hukusanya mwanga zaidi ya mara 20 kuliko kamera ndogo ya kawaida, na takriban mara tatu kuliko RX100 hata inapotumia f/1.8. Kwa ufupi, faida kubwa ya DSLR gizani ni kwamba hukubali lenzi nyingine.

Ndani ya kanisa na hema

Katika ibada ya ndoa, flashi haiwezi kutegemewa daima. Baadhi ya viongozi wa kidini hawaikubali wakati wa viapo. Isitoshe, nguvu yake hupungua haraka, kwani umbali ukiongezeka maradufu, mwanga unaofika hubakia robo. Flashi iliyojengewa ndani ya kamera ndogo hufaa kwa mita chache tu. Anayeitumia akiwa nyuma ya kanisa huangaza migongo ya waumini waliokaa mbele yake, huku maharusi wakibaki gizani.

DSLR ina manufaa mengine hapa. Hulenga kwa haraka zaidi, na mara kidole kinapobonyeza, picha huwa imenaswa. Kamera ndogo nyingi, hasa za zamani, husitasita katika mwanga hafifu zikitafuta shabaha, na tukio hupita. Hata hivyo, kamera ndogo haina kioo kinachopiga kelele, hivyo haisumbui sala. Vilevile, mzee asiyezoea kupigwa picha hutulia zaidi mbele ya kifaa kidogo kuliko mbele ya lenzi kubwa inayomkodolea macho.

Wanyama wa usiku

Nyeri ina historia ndefu ya kutazama wanyama usiku. Hoteli ya Treetops ilianzishwa mwaka wa 1932 juu ya mti katika msitu wa Aberdare. Ndipo alipolala Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza usiku wa kuamkia Februari 6, 1952, siku ambayo babake, Mfalme George VI, alifariki naye akarithi kiti cha ufalme. Jengo hilo la kwanza liliteketezwa mwaka wa 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, na jingine likajengwa mwaka wa 1957. The Ark, ambayo wageni wake hupitia Mweiga, pia ina taa zinazomulika dimbwi na ardhi ya chumvi ambako wanyama huja kulamba.

Taa hizo huyatosha macho lakini ni haba kwa kamera, nayo flashi haifiki mbali kiasi hicho. Nyati aliyesimama tuli anaweza kupigwa kwa sehemu moja ya nane ya sekunde, mradi kamera isitikisike. Mfuko mdogo uliojazwa maharagwe na kuwekwa juu ya ukingo wa roshani huishikilia kamera vyema. Kutumia kipima muda cha sekunde mbili huzuia mtikisiko wa kidole. Kwa njia hii, hata kamera ndogo huweza kutoa picha ya kupendeza ya mnyama aliyetulia. Ila fisi anayekimbia huhitaji kasi ya sehemu moja ya 250 ya sekunde au zaidi, na hapo ni DSLR yenye lenzi pana pekee iliyo na matumaini.

Juu ya mlima

Kwa anayekwea hadi Point Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, uzito huwa hoja kuu. Safari ya mwisho huanza usiku wa manane ili kufika jua linapochomoza. DSLR na lenzi yake huweza kuzidi kilo moja, mzigo ambao huhisiwa katika kila pumzi. Baridi hudhoofisha betri za aina zote, hivyo yafaa ziwekwe kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili. Atakayebeba DSLR hadi kambini atatuzwa na anga lenye nyota nyingi. Lenzi ya milimita 18 ikiwekwa f/3.5, ISO 3200 na sekunde 15, juu ya stendi ya miguu mitatu, hunasa nyota ambazo kamera ndogo ya kawaida haizioni.

Kabla ya kununua

Soko limebadilika. Simu zimechukua nafasi ya kamera ndogo za bei rahisi. Simu za kisasa huunganisha picha kadhaa kuwa moja ili kupunguza chengachenga, mbinu inayofaulu kwa vitu vilivyotulia lakini hutatizika watu wanapocheza densi. Nazo Canon na Nikon zilizindua DSLR zao za mwisho za ngazi ya juu mwaka wa 2020, kisha zikaelekeza nguvu kwa kamera zisizo na kioo. Kwa sababu hiyo, DSLR zilizotumika zinapatikana kwa bei nafuu, na kwa mwenye mtaji mdogo hiyo ni nafasi njema.

Mnunuzi aulize shata imefyatuliwa mara ngapi, kisha amulike lenzi kwa tochi ili kuona iwapo ina kuvu, ugonjwa unaopenda maeneo yenye unyevu na ukungu kama miteremko ya Mlima Kenya. Anayenunua Nikon ya mfululizo wa D3000 au D5000 ahakikishe lenzi yake ina mota ya kulenga, la sivyo atalazimika kulenga kwa mkono.

Uamuzi basi hutegemea kazi. Anayetaka kumbukumbu za nyumbani na za safari atatosheka na kamera ndogo yenye kihisi kikubwa kiasi na lenzi ya f/1.8. Anayelipwa kupiga harusi na mazishi anahitaji DSLR, na afadhali anunue mwili wa zamani na lenzi ya milimita 50 kuliko mwili mpya wenye lenzi hafifu.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na ni kweli kwamba kamera haimpi mtu jicho. Lakini picha ya nyanya akiota moto jikoni jioni huenda ndiyo itakayowekwa juu ya jeneza lake siku moja. Mwanga wa moto huo ni mdogo, na kuna uwezekano asiketi hapo tena. Aliyejua mapema uwezo na upungufu wa kamera yake ndiye atakayeirejeshea familia uso huo.