Chitini na Ukuta wa Seli za Kuvu

Kuvu ni jina la jumla la viumbe wa jamii ya uyoga, ukungu na hamira, ambao seli zao, tofauti na za wanyama, zimezungukwa na ukuta nje ya utando. Msomaji wa Amu, ambako nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, huenda akaona istilahi "ukuta wa seli" imechaguliwa vyema, kwani ukuta wa kuvu nao una kitu kigumu na kitu cha kukishika. Ila huu huvunjwa na kujengwa upya bila kukoma, hasa kwenye ncha za nyuzi zinazorefuka, jambo ambalo neno "ukuta" halilidokezi.

Kilicho kigumu ni chitini, yaani mnyororo mrefu wa sukari yenye naitrojeni, ambao hulala sambamba na minyororo mingine ya aina yake na kufungamana nayo kwa vifungo vya hidrojeni. Kwa uzito, hata hivyo, chitini si nyingi: katika ukuta wa hamira ya mkate ni takribani asilimia 1 hadi 2 tu, na katika kuvu wenye nyuzi mara nyingi hufika asilimia 10 hadi 20. Sehemu kubwa ni glukani, minyororo ya glukosi iliyounganishwa na chitini. Na katika hamira, tabaka la nje ni la manoprotini, yaani protini zilizobeba sukari ya manosi.

Chitini ilitambuliwa kwanza katika uyoga na Mfaransa Henri Braconnot mwaka 1811, ingawa jina tulilolirithi lilitolewa mwaka 1823 na Auguste Odier, aliyeikuta katika wadudu. Ndiyo iliyomo pia katika magamba ya kamba na ya kaa wa mikokoni. Asili ya jina ni neno la Kigiriki la vazi, linalotamkwa kwa k, na kwa hiyo "kitini" ingekuwa karibu zaidi na chimbuko. Lakini "kitini" tayari ni makala ya mafunzo, na pia ni mahali pa kukalia, hivyo "chitini" ina nafuu.

Kwa kuwa seli za binadamu hazina ukuta kama wa kuvu, ukuta huo hufaa kulengwa na dawa: kaspofungini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huzuia kimeng'enya kinachotengeneza beta-glukani, na seli ya kuvu aina ya kandida, ikishindwa kuhimili shinikizo la maji yaliyomo ndani yake, hupasuka.