Konokono Wetu Aliyerudi Ndani ya Kichupa

Msimu wa harusi ukifika, swali ni lile lile: bibi harusi apake ute wa konokono, au abaki na singo na liwa yake? Kabla ya kujibu, tumjue kwanza konokono mwenyewe.

Konokono kuwa dawa si jambo la leo. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79, aliorodhesha dawa nyingi za konokono, nyingine za ngozi. Ila biashara tunayoiona sasa ni ya karibuni. Miaka ya 1980 huko Chile, watu waliofuga konokono ili wauzwe Ufaransa kwa chakula waliona mikono yao inalainika. Kutokana na hilo ikatoka krimu iliyoingia madukani miaka ya 1990. Kisha Korea Kusini ikaifanya iwe fasheni ya dunia nzima.

Wale wa Chile ni konokono wa bustani za Ulaya. Lakini yupo mwingine, yule mkubwa tunayemkuta ukutani baada ya mvua za masika. Asili yake ni pwani hii yetu ya Afrika Mashariki. Watu walimvusha bahari hadi visiwa kama Mauritius. Mwaka 1847 William Benson akamchukua kutoka huko hadi Calcutta, akamwachia bustanini. Akazaana, akaenea Asia, akala mazao mpaka wakulima wakamchukia. Leo Thailand wapo wanaomfuga, wanakusanya ute wake na kuwauzia watengeneza vipodozi. Huyu tunayemfagia uani, wenzetu wanamtia kwenye kichupa.

Je, ute unafaa? Una vitu vinavyoshika unyevu na kulainisha ngozi, hilo ni kweli. Lakini utafiti uliofanywa kwa watu bado ni mdogo, na hauondoi makovu kwa wiki moja kama matangazo yanavyodai.

Na tohara yake? Katika madhehebu ya Shafi, jasho na mate ya mnyama hai aliye tohara ni tohara. Konokono akiuliwa ndipo ute utolewe, hukumu yaweza kubadilika. Basi soma ulivyotengenezwa, na ukiwa na shaka muulize sheikh wako kabla ya kuswali nao.

Jambo moja nawasihi, msimwokote wa uani mkampaka usoni. Konokono huyu hubeba vimelea vya minyoo ya panya vinavyoweza kumfikia mtu kwenye ubongo vikiingia mdomoni. Ute wa dukani huchujwa na kusafishwa. Huo wa uani haujasafishwa na mtu. Na hata wa dukani, jaribu kidogo mkononi wiki kadhaa kabla ya harusi, si usiku wa kuamkia nikaha.

Kwa hiyo bibi harusi, ukipenda kichupa na umekihakiki, kitumie. Ukishindwa bei yake, usijione umepungukiwa. Somo yako akikusugua singo ya mawaridi na mlangilangi, kisha akakupaka liwa, hajakupa kitu cha chini. Umaarufu wa ute umeletwa na wafanyabiashara; uzuri wa singo tumeushuhudia kwa mama zetu.