Baba Mwajemi, Mama Nani?

Mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa mara nyingi na kutafakariwa mara chache. Haisemi asili inayokusudiwa ni ipi: ya baba aliyekuja na jahazi, au ya mama aliyekutwa ufukweni? Swali hilo linawahusu watu wawili walioishi pamoja Unguja kwa karibu karne nzima, kila mmoja akidai chimbuko moja, na wala hawakujuana kuwa ni jamaa.

Wa kwanza ni Washirazi. Hao ni Waislamu, lugha yao Kiswahili, na mashamba yao ni Makunduchi, Kizimkazi, Tumbatu na Pemba. Wa pili ni Waparsi, waliotoka Gujarat na Bombay na kushuka Unguja zaidi katika nusu ya pili ya karne ya 19, baada ya Mabanyani, Makhoja na Mabohora kutangulia. Walikuwa wachache mno: makarani, wanasheria, matabibu, mafundi wa majengo, na mawakala wa merikebu wa Cowasjee Dinshaw, nyumba ya biashara iliyokuwa na makao yake Aden. Kwao walisema Kigujarati. Dini yao ni ya Zoroasta, ile ambayo wafuasi wake Qur'ani imewataja kwa jina la Majusi katika Surat al-Hajj. Wao huswali mbele ya moto, na moto kwao ni alama ya nuru ya Mola wao, Ahura Mazda.

Aliyepita Mji Mkongwe wakati huo asingeona linalowakutanisha Mparsi wa ofisini na mvuvi wa Kizimkazi. Na hata hivyo, ukimwuliza kila mmoja wao babu yake katoka wapi, jibu lilikuwa moja: Uajemi.

Habari ya Waparsi imehifadhiwa katika utenzi. Mwaka 1599, kuhani mmoja wa mji wa Navsari, Bahman Kaikobad, alitunga kwa Kifarsi kisa cha wahenga wake, kiitwacho Qissa-i Sanjan. Anasimulia kwamba baada ya dola ya Wasasani kuanguka, ambayo mfalme wake wa mwisho, Yazdgerd wa Tatu, aliuawa mwaka 651, watu wa dini ya zamani walijificha milimani miaka 100. Kisha wakateremka Hormuz wakakaa miaka 15. Wakavuka bahari hadi Diu wakakaa 19. Ndipo wakafika Sanjan, katika pwani ya Gujarat. Wataalamu hawakuafikiana juu ya mwaka wa kufika: wako wasemao 716, wako wasemao 936. Mfalme wa nchi, Jadi Rana, aliwapokea kwa masharti: waeleze dini yao, waache lugha yao washike ya nchi, wanawake wao wavae mavazi ya nchi, waweke silaha chini, na arusi zao zifanywe jioni. Kile kisa mashuhuri cha bakuli la maziwa lililojaa pomoni, na kuhani akatia sukari bila ya tone kumwagika, hakimo katika utenzi huo. Kimepokewa kwa mdomo, na pengine ndiyo sababu ya kupendwa zaidi.

Habari ya Washirazi nayo imo katika Tarehe ya Kilwa, na katika riwaya ya Mreno João de Barros, iliyochapishwa mwaka 1552. Humo mna mtoto wa mfalme wa Shiraz, Ali bin al-Hassan, aliyedharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa Mhabeshi. Akaondoka kwa bahari, akafika Kilwa, akainunua kwa nguo. Wapokezi wa Kilwa wanaongeza kwamba alimwoa binti wa mwenye nchi. Bara Hindi wageni walipokewa kwa masharti. Kilwa mgeni alipokewa kwa vitambaa na ndoa.

Kwa miaka mingi wanazuoni waliutilia shaka Ushirazi. Walisema, na kwa haki, kwamba lugha ya Kiswahili ni ya Kibantu toka mzizi wake, na kwamba miji ya pwani haikujengwa na wageni ikakabidhiwa wenyeji, ila ilikua humu humu, kutoka vijiji vya wavuvi na wakulima. Baadhi yao wakaona Shiraz ni jina la fahari tu, alilojivika mtu ili asihesabiwe mshenzi. Siasa nazo zikaingia. Katika zama za ukoloni, kuandikwa Mshirazi au Mwafrika katika daftari la serikali hakukuwa jambo la ukoo peke yake. Na mwaka 1957 majina hayo mawili yakaunganishwa katika jina la chama, Afro-Shirazi Party.

Kumbe makaburi yalikuwa yamenyamaza tu. Mwaka 2023 ulitolewa utafiti wa vinasaba vya maiti 80 za kale, nyingi zao kutoka miji ya pwani kama vile Mtwapa, Manda, Faza, Songo Mnara na Kilwa, wa baina ya mwaka 1250 na 1800. Katika wengi wa watu wa miji hiyo, zaidi ya nusu ya damu ilikuwa ya Kiafrika, nayo ilikuja hasa kwa upande wa wanawake. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilikuwa ya Asia, na humo wingi ni wa wanaume wa Uajemi, pamoja na chembe ya Bara Hindi. Kuchanganyika kulianza kiasi cha mwaka 1000, karne moja kabla ya maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi, yenye mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Damu ya Uarabuni ilizidi baadaye, baada ya mwaka 1500.

Basi wapokezi hawakusema uongo. Walisema nusu ya kweli. Shiraz ilikuwapo. Aliyesahauliwa ni mama.

Na Waparsi je? Mwaka 2017 wataalamu walichunguza damu ya Waparsi walio hai, pamoja na mifupa 21 ya zamani iliyofukuliwa Sanjan. Jibu likawa ndugu wa lile la pwani: upande wa baba ni Uajemi, upande wa mama, karibu nusu ya mifupa ile ilikuwa na nasaba ya Bara Hindi. Utenzi wa Bahman umetaja makuhani, wafalme na vita. Wanawake wa Gujarat walioolewa na wakimbizi hao haukuwataja.

Kutowataja huko kulikuja kuwa sheria. Mwaka 1903 tajiri Mparsi, Ratanji Dadabhoy Tata, alimwoa Mfaransa, Suzanne Brière, naye akaingizwa katika dini ya mumewe. Shauri likafika Mahkama Kuu ya Bombay. Hukumu ya mwaka 1908 ilisema kwamba mtoto wa baba Mparsi, ijapokuwa mama ni mgeni, aweza kuhesabiwa Mparsi. Mgeni mwenyewe aliyesilimu katika dini hiyo hahesabiki. Mtoto wa mama Mparsi na baba mgeni hakupata nafasi katika hesabu hiyo. Watu ambao mifupa yao inawashuhudia mama wa Kihindi wakafungwa na sheria isiyomtazama ila baba. Tangu hapo idadi imepungua kwa sababu nyingi, na hiyo ni mojawapo: katika hesabu ya watu ya Uhindi walikuwa 114,890 mwaka 1941, na 57,264 mwaka 2011.

Unguja walibakia na majina. Mparsi alibeba mji au kazi kuwa jina la ukoo: Bharucha ni wa Bharuch, Engineer ni mhandisi, Contractor ni mkandarasi. Bulsara ni wa Bulsar, mji ambao leo huitwa Valsad. Keshia mmoja wa Mahkama Kuu ya Zanzibar, Bomi Bulsara, alizaliwa mwana tarehe 5 Septemba 1946, akamwita Farrokh, jina la Kifarsi lenye maana ya heri. Kijana huyo alivishwa Unguja shati jeupe na uzi wa kiunoni wa dini ya wahenga wake. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, nyumba hiyo ikahamia Uingereza, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Alipofariki mwaka 1991, makuhani wa Kizoroasta walimsomea dua London. Watalii humwulizia nyumba yake. Ni nadra kuulizwa Bulsar iko wapi.

Jambo moja zaidi lawaunganisha Waajemi hawa wawili. Makunduchi kila Julai hukoga mwaka, na siku hiyo huitwa Nairuzi. Manahodha wa pwani walihesabu misimu kwa mwaka huo wa siku 365, bila ya kuongeza siku katika mwaka mrefu, hata ukawa unarudi nyuma kidogo kidogo. Waparsi wengi nao wana Navroz yao mwezi wa Agosti, kwa hesabu hiyo hiyo ya siku 365. Jina moja, kalenda moja, bahari moja. Mmoja akiwasha moto wa ubani, mwengine akichoma kibanda cha makuti.

Leo wajukuu wa wote wawili, walioko Muscat, Toronto, London au Ng'ambo, wanaitafuta asili yao katika shajara, mawe ya makaburi na mate ya kupimwa maabara. Watamkuta babu Mwajemi. Huyo amekwisha kuandikwa. Aliye mgumu kupatikana ni bibi ambaye lugha yake ndiyo iliyoshinda, Kiswahili huku na Kigujarati kule. Mtoto huongea kwa ulimi wa anayemlea. Basi kila asemaye Kiswahili leo anamtaja bibi huyo kila afunguapo kinywa, hata kama shajara haikumtaja.